Elijah McCoy, mtoto wa wakimbizi aliyezipa mashine oili

Shemeji yangu wa Gasabo hana ncha ya kidole cha kati. Hukata majani ya ng'ombe kwa mashine ndogo ya petroli, ya mtumba. Siku moja alizima injini ili abadilishe oili, akailaza mashine ubavu, akazungusha kisu kwa mkono ili oili chafu itoke yote. Injini ikashtuka mara moja tu. Ikatosha.

Aliniuliza mimi mwalimu wa sayansi: mashine iliyozimwa inakataje? Nilimweleza kwamba kisu kimefungwa kwenye shafti. Ukikizungusha umeizungusha injini, na plagi inaweza kutoa cheche. Kisha nikamsimulia habari za Elijah McCoy, nilizozisikia darasani Karagwe, Tanzania, tulikokuwa wakimbizi.

McCoy alizaliwa Kanada mwaka 1844. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka Kentucky, Marekani. Akiwa na miaka 15 walimpeleka Edinburgh, Uskochi, akajifunza uhandisi wa mitambo. Aliporudi, familia ilikuwa imehamia Ypsilanti, Michigan, lakini kwa kuwa alikuwa mweusi hakupewa kazi ya uhandisi. (Ndugu msomaji uliyerudi na cheti cha ugenini, unayajua haya.) Reli ya Michigan Central ilimpa kazi ya kutia makaa na oili kwenye injini.

Hapo ndipo alipoona tatizo. Treni ilisimama kila mara, watu washuke na vikopo vya oili, maana chuma kikisuguana kikavu hushika moto na kuliwa. Mwaka 1872 alipata hataza ya kikombe kilichodondosha oili ndani ya silinda treni ikiwa mwendoni, kikitumia nguvu ya mvuke wenyewe. Hataza zake zilizidi 50, nyingi za mambo ya oili.

Mashine ya shemeji nayo hujipaka oili yenyewe ikifanya kazi. Lakini kubadilisha oili hakuna njia ya mkato. Washa dakika chache oili ipate uvuguvugu, zima, ngoja ipoe kidogo. Funga petroli. Chomoa waya wa plagi na uuweke mbali, kabla mkono haujasogea karibu na kisu. Ukiilaza, upande wa chujio la hewa ukae juu. Oili chafu ikinge kwenye dumu, si kwenye bonde. Mpya mimina kidogo kidogo ukipima kwa kijiti. Ikizidi ni hasara pia. Na ninyi mnaovuka Gatuna na Rusumo, kagueni kifuniko cha dumu kabla ya kulipa.

McCoy alifungua kampuni yake Detroit mwaka 1920, akiwa mzee. Mwaka 1922 alipata ajali ya gari pamoja na mkewe Mary, ambaye alifariki. Yeye hakupona sawasawa. Alifia hospitalini huko Michigan mwaka 1929. Shemeji aliuliza kama aliacha watoto. Nikarudi kwenye waya wa plagi.