Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, mnamo 1880 – 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki aliyejulikana sana kwa sahani za santuri.

## Maisha

Alizaliwa katika familia maskini yenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini akivinadi kwa sauti. Mnamo 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye.

Taarab ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakaielewa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi nyimbo.

## Nyimbo

Hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo alizihifadhi kichwani. Umbo lake lilisaidia. Ubeti wa taarab kwa kawaida una mishororo mitatu, kila mmoja umegawanywa vipande viwili vya mizani nane nane. Vipande vya kwanza vina kina chao, vya pili chao. Aliyesahau neno huongozwa na kina, na msikilizaji huondoka na ubeti mzima baada ya kuusikia mara chache. Kwa hiyo ubeti mfupi ulifaa sana kwa kejeli na habari za mtaani.

Wimbo *Kijiti* unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, lakini waliofungwa ni wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Hukumu hiyo iliwachukiza watu, na wimbo ukaisambaza kuliko gazeti lolote, kwani wengi hawakusoma.

Umbo hilohilo lilitumiwa dhidi yake. Wapinzani walitunga beti za kumkejeli kwa sura yake na kwa kutoka shamba akiuza vyungu. Alijibu kwa wimbo, akisema kwamba uzuri na ukoo si kitu mbele ya akili. Jibu lake ndilo linalokumbukwa zaidi.

## Baada ya kifo

Shaaban Robert aliandika maisha yake katika *Wasifu wa Siti binti Saad*. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba *Kijiti* hadi uzeeni.