Maisha ya Yekonia, Mfalme Aliyefungwa Babeli

Wasomaji wengi wa Injili ya Mathayo huzipita upesi aya zake za kwanza, wakidhani kwamba ni majina matupu. Walakini katika aya ya 11 na ya 12 limo jina la mtu ambaye habari zake zatupasa kuzijua, naye ni Yekonia, mfalme wa Yuda, aitwaye pia Konia.

Yekonia alikuwa mwana wa Yehoyakimu, mjukuu wa Yosia, wa nyumba ya Daudi. Alipata ufalme akiwa kijana wa miaka 18, akatawala katika Yerusalemu miezi 3 tu, akatenda yaliyo mabaya kama baba yake. Mwaka wa 597 kabla ya kuzaliwa Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli akaja na jeshi lake, akauzunguka mji. Yekonia akatoka na mama yake Nehushta na wakuu wake, akajitia mikononi mwa adui. Wakachukuliwa mateka pamoja na watu wa vita na mafundi, na hazina za hekalu zikatwaliwa.

Tena lilikuwapo neno zito kuliko minyororo. Nabii Yeremia alitangaza ya kuwa Mungu amemtupa Konia, kama mtu avuavyo pete ya muhuri kidoleni. Na aandikwe kuwa hana watoto, kwa maana hapana mtu wa uzao wake atakayeketi katika kiti cha Daudi. Wenyeji wa maboma ya Arusha na Meru hawana haja ya kufundishwa uzito wa neno hilo. Mtu asiyeacha mwana, ni nani atakayelitaja jina lake? Lakini zamani Mungu alimwahidi Daudi, kwa kinywa cha Nathani, ya kuwa nyumba yake itadumu. Je, agano lilivunjika?

Yekonia alikaa Babeli miaka mingi. Tangu mwaka wa 1899 hata 1917 Wajerumani, wakiongozwa na Robert Koldewey, waliyachimba magofu ya mji ule, wakaona vibao vya udongo katika jumba la mfalme. Mtaalamu Ernst Weidner akavitangaza mwaka wa 1939. Ni hesabu za ghala, za mafuta waliyopimiwa watu wa nchi mbalimbali. Kati yao ametajwa Yekonia mfalme wa Yuda, na wanawe watano, na kibao kimoja ni cha mwaka wa 592 kabla ya Kristo. Karani yule hakuandika kwa ajili ya Mungu wa Israeli. Alihesabu mafuta yake tu. Lakini ameshuhudia ya kuwa nyumba ya Daudi ilikuwa hai, ikilishwa kwa mkono wa yule aliyeishinda.

Mwaka wa 37 wa uhamisho, Evil-Merodaki alipopata ufalme, akamtoa Yekonia gerezani, akambadilishia mavazi, akamlisha mezani pake siku zote za maisha yake. Hapo kitabu cha Wafalme chakoma.

Bali kitabu cha kwanza cha Nyakati, mlango wa 3, chawataja wanawe, Shealtieli na ndugu zake, tena mjukuu wake Zerubabeli. Huyu alirudi Yerusalemu baada ya Koreshi kuwapa Wayahudi ruhusa mwaka wa 538, akalijenga hekalu, likamalizika mwaka wa 515. Mwaka wa 520 nabii Hagai alimpasha habari ya kuwa Mungu atamfanya kama pete ya muhuri. Basi pete iliyovuliwa kwa babu ikavikwa kwa mjukuu. Hata hivyo Zerubabeli alikuwa liwali chini ya mfalme wa Uajemi. Hakuketi katika kiti cha Daudi, na neno la Yeremia nalo likasimama.

Basi, enyi walimu, msomapo orodha ile mbele ya watu, msiliruke jina la Yekonia. Mathayo hakulificha, ingawa lilikuwa jina la aibu. Kwa njia ya mfungwa huyo ukoo ulifika hata kwa Yusufu, mumewe Mariamu. Mungu aliadhibu dhambi kama alivyosema, na ahadi yake kwa Daudi akaitimiza Bethlehemu.