Rebmann wa Rabai: Aliyebaki Miaka 29

Wageni wanaokuja kutazama majengo ya kale kijijini kwetu hutaja kwanza jina la Krapf. Hatubishi, ndiye aliyetangulia. Lakini Krapf aliondoka mwaka 1853. Aliyebaki ni mwenzake, Johannes Rebmann, na mwaka huu tumeona ukurasa huu uwe wake.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1846, na mwaka huohuo wazee wa Rabai wakakubali yeye na Krapf wajenge kwao. Mei 1848, akielekea Uchagani na kiongozi wake Bwana Kheri, aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Wasomi wa London walimcheka: theluji karibu na ikweta! Waliohoji walinyamaza miaka ya 1860, von der Decken alipokwenda mlimani na kuthibitisha.

Habari hiyo imo vitabuni. Sisi tunatazama zaidi miaka aliyokaa Rabai. Alimwoa Emma Tyler mwaka 1851; mtoto wao akafa mchanga, na Emma mwenyewe akafariki mwaka 1866. Rebmann aliendelea kukusanya maneno ya Kirabai, Kiswahili na Kinyanja. Ukimpima kihasibu, vitabu vyake vinaonyesha hasara: karibu miaka 30 ya kazi, na waliobatizwa wachache mno. Mwishowe macho yakapofuka. Mwaka 1875 aliondoka akiongozwa na Isaac Nyondo, aliyemfikisha hadi Ujerumani kisha akarudi Rabai. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Wapo wenzetu waliouliza kwa nini tuchangie nyumba za wamishonari ilhali kaya zetu zinahitaji ulinzi. Swali ni la haki. Kaya za Rabai zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, nazo hatujazisahau. Lakini bila ruhusa ya wazee wa kaya, nyumba hizo zisingejengwa. Ni historia yao pia.

Majengo haya yanalindwa na sheria ya turathi ya mwaka 2006, kwa hiyo hatugusi hata jiwe bila idhini ya Makavazi ya Kitaifa. Idhini ikipatikana, sehemu ya mchango wa mwaka huu itatengeneza mapaa na mifereji ya maji ya mvua. Sehemu iliyobaki ni ya miche ya kaya. Kila shilingi itatolewa risiti, na hesabu zitasomwa kwenye mkutano mkuu.