Thomas Blanchard: Seremala aliyeufunza mtambo kuchonga vitako vya bunduki

MAFUNDI wa mitumbwi wa Wenje na vijiji vingine vya Wapokomo kandokando ya Mto Tana hawachongi mitumbwi miwili iliyolingana sawasawa. Kila gogo lina umbo lake, na tezo huongozwa na jicho la aliyeishika.

Hivyo ndivyo vitako vya bunduki pia vilivyochongwa duniani hadi mwanzoni mwa karne ya 19, alipotokea Mmarekani Thomas Blanchard. Mitambo ya kisasa inayochonga mishikio ya mbao ya bastola kwa kuongozwa na kompyuta inafuata njia aliyoifungua yeye.

Blanchard alizaliwa Juni 24, 1788 katika mji mdogo wa Sutton, jimbo la Massachusetts, akiwa mwana wa mkulima. Utotoni alikuwa na kigugumizi, akachekwa na wenzake, na masomo hayakumkalia vyema. Mikono yake, hata hivyo, haikuwa na kigugumizi. Akiwa na umri wa takriban miaka 13 alibuni kifaa cha kumenya matofaa. Baadaye, akifanya kazi katika karakana ya kakake ya kutengeneza misumari midogo, alitumia miaka sita kuunda mtambo wa kuifyatua kwa mamia kila dakika. Aliuza haki zake kwa Dola 5,000.

Mwaka wa 1818 aliitwa na Asa Waters, mtengenezaji wa bunduki wa Millbury. Mitambo ya Waters iliweza kukereza sehemu ya mviringo ya mtutu, lakini sehemu ya nyuma yenye pande bapa ilibidi isawazishwe kwa tupa. Blanchard alitatua tatizo hilo, na habari zikafika katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Springfield.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa akiwaonyesha mafundi wa Springfield mtambo huo, mchongaji mmoja wa vitako alijigamba kuwa kazi yake haitanyakuliwa kamwe, kwa kuwa hakuna mashine inayoweza kuchonga umbo lisilo na mviringo wala unyofu. Maneno hayo yalimkaa Blanchard moyoni hadi jibu lilipomjia akiwa safarini kurudi nyumbani.

Jibu lenyewe lilikuwa jepesi la kustaajabisha. Kitako cha mfano kilichotengenezwa kwa chuma kilizungushwa pamoja na kipande cha ubao. Gurudumu moja liliupapasa ule mfano, na jingine lenye makali, lililosogea sambamba nalo, liliukata ubao. Kila bonde na kila mgongo wa mfano ukajitokeza kwenye ubao. Alipata hataza mwaka wa 1819, ikarekebishwa na kutolewa upya mwaka wa 1820.

Kufikia mwaka wa 1827, mitambo 14 ya Blanchard ilikuwa ikishughulikia hatua mbalimbali za kuchonga vitako pale Springfield. Kazi ambayo fundi aliisomea kwa miaka sasa iliweza kufanywa na kibarua. Yule mchongaji aliyejigamba alikuwa amekosea.

Ufanisi huo ulimletea Blanchard kesi nyingi dhidi ya walioiga uvumbuzi wake bila idhini. Mara mbili, mwaka wa 1834 na 1848, Bunge la Marekani lilimwongezea muda wa hataza. Ili kuwashawishi wabunge, alichonga kwa mtambo wake sanamu za vichwa vya viongozi mashuhuri na kuzionyesha katika jengo la Bunge.

Katika miaka ya 1850, Uingereza ilinunua mitambo ya aina hiyo kwa ajili ya kiwanda chake cha Enfield. Kiwanda hicho ndicho kilichozipa jina bunduki za Lee-Enfield, ambazo wanajeshi wa King's African Rifles kutoka Kenya walizibeba katika Vita vya Pili vya Dunia.

Blanchard alifariki Aprili 16, 1864 jijini Boston, akiwa na umri wa miaka 75.

Mwaka wa 1952, katika jimbo lilo hilo la Massachusetts, chuo kikuu cha MIT kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na nambari zilizotobolewa kwenye utepe. Mfano wa chuma ulikuwa umepata mrithi. Siku hizi nambari hizo huhifadhiwa katika kompyuta, na kuzibadilisha si kazi kubwa.

Hapo ndipo penye ajabu. Blanchard alibuni mtambo wake ili vitako vyote vifanane, na ikawa ni juu ya askari kujizoesha na bunduki aliyopewa. Mitambo ya leo hutumiwa kuchonga mshikio wa bastola unaoenea kiganja cha mtu mmoja, awe wa mkono wa kulia au wa kushoto. Baada ya miaka 200, mashine inajifunza kile ambacho fundi wa Wenje hajawahi kukisahau: kukitengeneza chombo kwa kumfikiria atakayekitumia.