Hevesy, Mfuata Nyayo za Atomu

Wahungaria walimwita Hevesy György, kwani kwao jina la ukoo hutangulia. Wajerumani walimjua kama Georg von Hevesy, nao ulimwengu wa sayansi ukamzoea kwa jina la George de Hevesy. Wingi huu wa majina hauajabishi kwa mja aliyeishi akihama nchi baada ya nchi. Alizaliwa Budapest tarehe 1 Agosti 1885, katika familia tajiri yenye asili ya Kiyahudi iliyokuwa imefuata Ukatoliki. Shahada yake ya uzamifu aliipata Freiburg, Ujerumani, mwaka wa 1908. Jina lake halivumi madarasani kama la Marie Curie, ilhali kila mgonjwa anayedungwa dawa yenye mionzi ili viungo vyake vipigwe picha ana deni kwake.

Mnamo 1911 alijiunga na maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester, Uingereza. Rutherford alikuwa na shehena ya risasi (namaanisha metali, wala si ile ya bunduki) iliyochanganyika na dutu nururifu iliyoitwa radiamu D. Dutu hiyo ingalimfaa sana lau ingalitengwa na risasi iliyoizingira, na Hevesy ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alijaribu kila mbinu ya kikemia aliyoijua; wapi! Kumbe radiamu D ni risasi yenyewe, isotopu yake mojawapo, na hakuna mbinu ya kikemia ya namna hiyo iwezayo kuitenga risasi na risasi.

Koleo lilivunjika, uhunzi haukukoma. Hevesy aliligeuza swali. Ikiwa viwili hivi havitengani kamwe, basi kokote iendako risasi, radiamu D itafuatana nayo, na kwa kuwa inatoa mionzi, itatufichulia ilipo. Chembe ndogo mno yatosha kuwa mpelelezi. Mwaka wa 1913, akiwa Vienna pamoja na Friedrich Paneth, alitumia hila hiyo kupima kiasi cha chumvi za risasi kinachoyeyuka majini, kiasi kidogo ambacho mizani ya kawaida haingekigundua. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tiba ya nyuklia ilipotungwa mimba, ingawa hapakuwa na daktari wala mgonjwa chumbani.

Kuna kisa ambacho mwenyewe alipenda kukisimulia. Huko Manchester alikokuwa amepanga, alishuku kwamba mama mwenye nyumba alikuwa akiwaandalia makombo ya juzi kama chakula kipya. Siku moja akatia chembe nururifu kwenye mabaki ya sahani yake. Siku chache baadaye akaja mezani na elektroskopu, chombo cha kutambulia mionzi, na makombo yakajisema yenyewe. Usiige mzaha huo, msomaji! Hata hivyo, kanuni yake ndiyo ile ile itumikayo hospitalini.

Mnamo 1920 alihamia Copenhagen, Denmark, kwa Niels Bohr. Huko yeye na Dirk Coster waligundua elementi ya hafniamu, wakatangaza ugunduzi huo mwaka wa 1923. Mwaka uo huo alifuatilia jinsi mmea wa jamii ya maharagwe unavyofyonza risasi. Risasi ni sumu, hivyo haikuweza kuingizwa katika mwili wa binadamu. Ilibidi kungoja hadi isotopu nururifu zianze kuundwa maabarani mwaka wa 1934. Hevesy, aliyekuwa profesa Freiburg tangu 1926, aliihama Ujerumani ya Hitler mwaka huo na kurejea Copenhagen. Mwaka wa 1935, yeye na daktari Chiewitz waliwalisha panya fosforasi nururifu. Wakaona kwamba fosforasi inaingia mifupani na kutoka bila kukoma. Mfupa, uliodhaniwa kuwa jengo tuli, ulikuwa ukibomolewa na kujengwa upya kila uchao.

Fosforasi ile hutoa mionzi ya beta, ambayo haivuki nyama nyingi, kwa hiyo haikufaa kwa kupiga picha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hal Anger wa Marekani aliunda kamera inayonasa mionzi ya gama itokayo mwilini. Baadaye teknetiamu-99m ikaenea; nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita, kwa hiyo haimkalii mgonjwa siku nyingi. Eksirei hummulika mtu kutoka nje na kuonyesha umbo. Kwa kamera ya gama, mwanga hutoka kwa mgonjwa mwenyewe na kuonyesha kazi ya kiungo. Daktari anayeshuku kwamba saratani imesambaa mifupani huifunga teknetiamu kwenye kiambato chenye fosforasi, nayo hurundikana pale mfupa unapojijenga kwa pupa, mara nyingi kabla eksirei haijaona lolote. Ni panya wale wa 1935 wanaozungumza.

Wanazi walipoingia Copenhagen Aprili 1940, katika taasisi ya Bohr mlikuwa na nishani za Nobel za Max von Laue na James Franck, za dhahabu, zenye majina yaliyochongwa. Kusafirisha dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na Laue alikuwa angali huko. Hevesy aliziyeyusha katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki. Askari wakapekua taasisi. Chupa ikabaki rafuni. Baada ya vita dhahabu ilitolewa mle na nishani zikafinyangwa upya.

Mwenyewe alitorokea Uswidi mwaka wa 1943. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo, aliyokabidhiwa 1944, ilikuwa kwa kazi yake ya kufuatilia atomu. Alifariki Freiburg tarehe 5 Julai 1966. Mwaka wa 2001 mabaki yake yalirudishwa Budapest.