Edsger Dijkstra, mwalimu aliyefundisha ordinatere kungojeana zamu

Zaidi ya miaka 20 imepita tangu Edsger Dijkstra afariki kwa ugonjwa wa kansa, tarehe 6 mwezi wa nane 2002, kwake Nuenen, inchini Uholanzi. Alikuwa na umri wa miaka 72. Hata leo, ordinatere na simu zinazofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja zinategemea mawazo yake.

Alizaliwa mjini Rotterdam tarehe 11 mwezi wa tano 1930. Baba yake alifundisha kemia, mama yake alikuwa mjuzi wa hesabu. Alisoma fizikia kwenye chuo kikuu cha Leiden, na 1952 akaanza kuandika programu za ordinatere kule Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa ngeni sana: alipooa 1957, viongozi wa mji walikataa kuiandika kwenye hati ya ndoa. Aliandikwa kuwa mtaalamu wa fizikia.

Wakati huo wenzake walikuwa wanatengeneza ordinatere iitwayo X1. Walitaka vyombo vya pembeni viweze kuikatiza kazi yake wakati wowote. Dijkstra aliogopa: kosa litakalotokana na wakati wa kukatizwa linaweza kuonekana mara moja tu, na anayelitafuta asilipate tena. Mwishowe alikubali, akaandika programu ya kutunza kazi iliyokatizwa na kuirudisha pale ilipoachwa. Ndiyo iliyompatia udaktari 1959.

Kuacha kazi moja na kushika nyingine kunakula muda. Kwa mashine inayoongoza breki za gari au ndege, wataalamu hawatosheki na muda wa wastani. Wanatafuta ule mrefu kupita yote, maana kuchelewa mara moja kunatosha kuleta ajali.

Hesabu inakuwa ngumu zaidi pale ordinatere moja ina prosesa kadhaa zinazogombania kitu kimoja. Miaka ya 1960, akiwa profesa mjini Eindhoven, Dijkstra alibuni semafo, jina lililotoka kwenye alama za reli: mmoja anapita, wengine wanangoja. Kungoja huko nako kunahesabiwa katika ucheleweshaji.

Alipewa tuzo ya Turing 1972, kisha akafundisha Texas, Marekani, kuanzia 1984 hadi 1999. Aliacha maandishi zaidi ya 1300, mengi yakiandikwa kwa mkono. Kosa lile aliloliogopa akiwa kijana lingali linawasumbua wapimaji: linatokea mara moja, kisha linajificha.