Bwana Albert Cook, Mganga wa Mengo, na Hesabu ya Wagonjwa Wake

Albert Ruskin Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwezi wa Oktoba 1896 alishuka Mombasa pamoja na wamisionari wengine, na miongoni mwao alikuwamo mwuguzi, Bibi Katharine Timpson. Siku zile reli ilikuwa haijafika bara. Basi wakashika njia ya miguu, wakafika Mengo, katika nchi ya Buganda, mwezi wa Februari 1897. Mwezi wa Mei hospitali ikafunguliwa. Mwaka 1900 Bwana Cook akamwoa Bibi Katharine, naye baadaye akawafundisha wanawake wa nchi kazi ya ukunga.

Tangu mwanzo mganga huyu alikuwa na desturi moja. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake: ugonjwa wake, matibabu aliyopewa, na mwisho wake, kama alipona akaenda zake, au alitoka hali hajapona, au alikufa. Mwezi wa Novemba 1902 radi iliipiga hospitali yenye paa la manyasi, ikateketea. Ikajengwa tena kwa matofali, na kazi ya kuandika ikaendelea. Mwaka 1901 Bwana Cook na ndugu yake Jack, aliyekuwa mganga pia, waliona wagonjwa wa namna mpya, wenye kusinzia hata kufa. Ndiyo yaliyokuwa malale, ugonjwa uliowaua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa kubwa katika miaka iliyofuata. Mwenye kuandika vema huona upesi neno geni.

Lakini hesabu ya hospitali ina mtego wake, na Bwana Cook naye aliingia humo. Mwaka 1907 alikuja Uganda mganga wa jeshi, Kanali Lambkin, kuchungua kaswende. Akatoa habari kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda wanayo, na Bwana Cook, aliyeona wagonjwa wengi wa namna hiyo hospitalini, akaunga mkono. Habari ile ikaenea Ulaya, na watu wa Buganda wakasemwa vibaya kwa ajili ya mwenendo wao. Serikali ikaanza kazi ya kuwapima na kuwatibu watu, na hospitali ya Mulago, mwaka 1913, ilianza kwa kazi hiyo. Waganga waliochungua jambo hili baadaye waliona kwamba wengi wa wagonjwa wale yamkini walikuwa na buba, au ugonjwa mwingine ufananao nayo ambao watoto huambukizana pasipo zinaa. Tena waliokuja hospitali ndio wagonjwa. Wazima walibaki mashambani kwao, wala hakuna aliyewahesabu. Hivyo taifa zima lilitiwa aibu kwa hesabu iliyokosa nusu yake.

Nusu hiyo ni ipi? Ni idadi ya watu wote wa nchi ile ile katika mwaka ule ule. Tuseme wilaya ina watu 10,000, na katika mwaka mmoja wagonjwa wake 400 wamelazwa wakatoka hospitali. Hapo twasema waliotoka ni 40 kwa kila watu 1,000. Mia nne peke yake haitufundishi neno. Na hata hapo yatupasa kuangalia mambo matatu. Kwanza, mtu aliyelazwa mara mbili ameandikwa mara mbili, ingawa ni mtu mmoja. Pili, mgonjwa ahesabiwe pamoja na watu wa kwao. Hospitali ya Bombo mjini Tanga hupokea watu wa mji, na tena wanaopelekwa kutoka Pangani, Muheza, Korogwe na Lushoto. Ukiwagawanya wote kwa watu wa mji wa Tanga tu, mji utaonekana una maradhi kuliko ulivyo, na Pangani itaonekana nzima kuliko ilivyo. Tatu, mahali palipo mbali na hospitali watoka wachache kwa sababu waliingia wachache. Uchache huo waweza kuwa dalili ya njia mbaya, wala si dalili ya afya.

Bwana Cook alipewa heshima na mfalme wa Uingereza mwaka 1932, akastaafu mwaka 1934, akabaki Uganda hata kufa kwake mwaka 1951. Vitabu vyake vilihifadhiwa. Mwaka 1964 wataalamu walitangaza waliyoyapata humo juu ya ugonjwa wa saratani, tangu 1897 hata 1956. Waliona kwamba aina za saratani zilizoonekana Kampala katika siku zao zilikuwako tangu zamani, hata uvimbe wa taya unaowapata watoto. Hapo hawakudai kujua ni watu wangapi katika nchi nzima walioupata. Waliuliza tu neno ambalo vitabu vile viliweza kulijibu.

Katekista aandikaye kitabu cha ubatizo na cha maziko aijua kazi hii. Majina yaliyomo ni ya watu waliofika. Atakaye kujua habari za kijiji chote hana budi kuzunguka nyumba kwa nyumba, awahesabu na wale ambao hawakufika.